Lipa Fundi Hata Kama Ameangalia Tu

Wasee, leo hakuna video. Hii nimeamua kuiandika, kwa sababu kuna video yangu moja ya mwaka jana ambayo lazima niirekebishe, na nataka marekebisho yakae mahali mnaweza kunirushia usoni nikisahau.

Video yenyewe wengi mliiona. Nimesimama kando ya gari ya Baba hapa Mbumbuni, boneti iko juu, nimeshika plagi nne mkononi, nasema: "Gari ikitetemeka ikiwa imesimama usihangaike, badilisha plagi, kwisha." Hiyo ndiyo video yangu iliyoangaliwa kuliko zote. Shida ni moja tu. Haikuwa plagi. Na siku ile niliipost nilikuwa tayari nimeanza kushuku, maana gari ilikuwa bado inatetemeka nyuma ya kamera na mimi naongea kwa sauti kubwa ili msiisikie.

Baadaye msichana mmoja akaandika kwa komenti kwamba amebadilisha plagi za gari ya mamake kwa sababu yangu na hakuna kitu kimebadilika. Sikumjibu. Hii ndiyo jibu lake.

Sasa stori yenyewe. Gari ni Toyota Fielder, ile ya NZE, ya mwaka wa 2005. Baba ni mwalimu mstaafu, na hiyo gari ndiyo kitu cha kwanza alinunua ambacho hakikuwa ng'ombe, mabati au karo ya mtu. Inabeba maembe, inabeba ndengu, inabeba wazee wa kanisa, na mara moja kwa mwezi inampeleka Mwaitu kliniki Machakos kwa sababu ya mgongo wake.

Ikaanza kutetemeka. Ikienda iko sawa kabisa. Ukisimama tu, umekanyaga breki na gia iko D, usukani unaingia baridi, kile kioo cha kati kinatingishika mpaka huoni sura ya anayekufuata, sarafu zinaimba kwa kile kisanduku kidogo. Ukiweka R kurudi nyuma unasikia gu! chini kama mtu amegonga na nyundo. Mwaitu akahamia kiti cha nyuma. Baadaye akaanza kwenda kliniki na matatu. Hakusema kitu, alisema tu kwamba matatu inamfikisha mapema. Matatu haimfikishi mtu mapema, na sisi sote tulijua.

Baba akaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alisema plagi. Plagi nne pamoja na kazi, shilingi 4,100. Gari ikatulia siku mbili, ama tulijidanganya imetulia. Wa pili akasema throto ni chafu, akaisafisha, 1,500. Wa tatu hakutaka kubahatisha, akatutuma mjini tukapimwe na mashine. Mashine ikachomekwa chini ya usukani, ikasoma, ikasema gari haina kosa lolote. 1,500. Jamaa wa mashine akaona aibu kuturudisha bila kitu, akasema kwa uzoefu wake hizo ni koili. Koili mbili, 7,000. Wa tano akaona majimaji meusi yameteremka upande wa kulia wa injini, akasema oili inavuja juu, akabadilisha gasketi ya kifuniko cha valvu, 2,300. Halafu pampu ya petroli. Hiyo sitaki hata kuizungumzia, 8,500.

Jumlisha. Ni 24,900. Nimeandika hesabu hapa kwa sababu Baba aliiandika pia, kwa kile kidaftari chake cha maembe, na akapiga mistari miwili chini kama anavyofanya akisahihisha. Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sisemi niliacha kwa sababu ya gari. Niliacha kwa sababu zangu, na nimeshaziongea hapa. Lakini nimewahi kukaa kwa foleni ya ofisi ya fedha nikiomba wiki mbili za kulipa pesa kidogo kuliko hiyo.

Fundi wa saba hata hatukumtafuta. Ni mzee anayefanyia kazi chini ya mti karibu na soko, hana bango, hana ovaroli, ana redio na sanduku la spana. Baba alikuwa amesimama kununua muhogo, injini inanguruma. Mzee akainua kichwa tu. "Mwalimu, hiyo gari mbona inalia hivyo?"

Akaniambia nifungue boneti, nirudi ndani. Vuta handbreki. Kanyaga breki kama unataka kuvunja sakafu. Akaweka mawe kwa magurudumu, akasimama kando, si mbele. (Hii shikeni: hakuna mtu kusimama mbele ya gari iliyo kwenye gia. Hata kama dereva ni mama yako.) Weka N. Mtetemeko ukapungua. Weka D, guza mafuta kidogo tu. Rudisha. Weka R, guza kidogo. Kila nikibadilisha gia, alisema baadaye, injini nzima ilikuwa inainuka upande mmoja kama mtu anayetaka kusimama kwa kiti kisha anakumbuka hajaitwa. Akachukua kipande cha chuma bapa, akakisukuma chini ya injini upande wa kulia, akainua kidogo. Akaniita nione. Raba ilikuwa imepasuka, mpasuko unafunguka na kufunga kama mdomo. Na yale majimaji meusi yalikuwa yanatoka hapo hapo.

"Ni mauntingi," akasema. Dakika kumi hazikuisha.

Baba akamuuliza ni pesa ngapi. Mzee akasema si amefanya nini, ameangalia tu. Baba akatoa mia moja, akasema ya chai. Na tulipokuwa tukienda nyumbani Baba alikuwa amefurahi vile amekuwa mkarimu.

Mimi ndiyo nilikuwa naendesha. Nikafika kwa ile kona ya kanisa ndiyo ikanigonga: watu sita waliokisia tumewalipa 24,900, na yule aliyejua tumempa mia.

Hapo ndipo maoni yangu ya leo yako. Si kwamba mafundi ni wezi. Hiyo mistari mnaijua na komenti zake nazijua, kila mtu ana mjomba aliyeibiwa injini nzima akiwa amelala. Mimi nasema shida ni sisi wateja, na jinsi tunavyolipa. Sisi hatulipi kujua. Tunalipa kitu kikifungwa. Fundi akiinama dakika arobaini kwa gari yako akasikiliza, akafungua, akafunga, kisha akakwambia "hapa hakuna kitu cha kubadilisha", unamwambia asante na kuondoka. Mtoto wake hali asante. Kwa hivyo afanye nini? Atafute kitu cha kubadilisha. Akikupata na plagi, analipwa pesa ya kazi, na pengine mwenye duka la spea anamkumbuka kidogo. Akisema "sijui, acha niiangalie mpaka kesho", unampeleka gari kwa mwenzake ambaye ana majibu ya haraka. Tumewafundisha wenyewe kuwa na majibu ya haraka.

Na usiniambie Wakenya hawana pesa ya kulipia uchunguzi. Tulilipa mashine 1,500 bila kunung'unika, na mashine ilituambia gari iko sawa! Tukalipa kwa sababu ina kioo na inatoa mlio. Sasa sikia hii kitu: mauntingi haina sensa. Hakuna waya unaotoka kwa ile raba kwenda kwa kompyuta ya gari kusema "nimepasuka jameni". Kompyuta itajua plagi imekosa kulipua, itajua oksijeni, itajua joto. Mauntingi haiijui. Hiyo inaonekana kwa macho ya mtu, inasikika kwa masikio, inaguswa kwa mkono wenye chuma. Yaani kile kitu mashine haiwezi ndicho tunakataa kulipia.

Kiswahili kina neno la zamani, kiingiaporini. Ni ile ada mganga alipewa kabla hajaingia porini kutafuta dawa. Hajakuponya bado, hajakuletea hata jani, lakini anaenda kutafuta, na kutafuta ni kazi. Sisi tumebaki na simu za elfu thelathini na hatujafikia hapo.

Sasa wacha niwaeleze hii mauntingi, kwa sababu mkijua ni nini hamtadanganywa kirahisi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia tu kwa mafundi bila kuelewa.

Injini haijafungwa moja kwa moja kwa bodi ya gari. Imekalia vipande vya chuma vilivyo na raba katikati, na hivyo ndivyo mafundi huita mauntingi. Kwa hii Fielder ziko nne: kulia upande wa injini, kushoto chini ya giaboksi, mbele na nyuma. Gari zingine zina tatu. Kazi yake ni mbili na zinapingana. Moja, zishike injini isiruke. Mbili, ziiache itingishike kidogo ili wewe usitingishike. Injini ya silinda nne ikinguruma tu imesimama inazunguka kama mara 750 kwa dakika, na kila mzunguko silinda mbili zinalipuka. Piga hesabu, ni misukumo 25 kila sekunde. Hiyo yote inamezwa na raba. Raba ikichoka, chuma kinagusa chuma, na misukumo inaingia kwa usukani, kwa kiti, kwa mgongo wa Mwaitu.

Zamani kulikuwa na magari ambayo injini ilifungwa kwa fremu hivi hivi, na watu wakaona ndiyo maisha. Mwaka wa 1931 Chrysler wa Marekani wakatoa Plymouth ambayo injini yake ya silinda nne imekalia raba, wakaiita Floating Power, na wakaipigia debe kweli kweli. Citroën wa Ufaransa wakanunua haki ya kuitumia, wakaweka hadi picha ya bata maji kwa magari yao ili watu waone vile yanateleza. Yaani kutotetemeka kuliwahi kuwa kitu cha kutangazwa. Sisi gari ikianza kutetemeka tunaongeza sauti ya redio.

Zingine, hasa ile ya kulia kwa hizi Toyota, zina majimaji ndani ya raba ili zimeze vizuri zaidi. Ikipasuka yanatoka. Ndiyo yale meusi yaliyofanya fundi wa tano aone oili. Simlaumu sana, kwa macho yanafanana, lakini angepangusa hapo na kitambaa, awashe gari dakika kumi, aangalie yanatoka wapi, angejua. Hizo dakika kumi ndizo hatukuwa tumezilipia.

Kwa nini zinaisha? Raba inazeeka tu, hata usipoendesha. Joto la injini, oili ikiimwagikia, na barabara. Halafu kumbuka gari zetu zinatoka wapi. Sheria ya Kenya inakataa gari iliyozidi miaka minane, kwa hivyo nyingi zinaingia zikiwa na miaka saba hivi. Unapoiita mpya, raba zake zimemaliza shule ya msingi Japani. Ya Baba ina karibu miaka ishirini. Ongeza mawe ya kutoka kwetu hadi sokoni, ongeza maembe ya kujaza mpaka nyuma inakaa chini, ongeza mimi nikijifunza kuendesha. Ingekuwa ajabu kama zingekuwa nzima.

Kujipima nyumbani nimeshawaambia, ni ile ya mzee: watu wawili, handbreki, mawe kwa magurudumu, breki imekanyagwa kabisa, mwenye kuangalia yuko kando, mafuta ni kuguza sekunde moja mbili si kukanyaga. Injini ikisogea kidogo ni sawa, imewekwa isogee. Ikiinuka na kuanguka na mlio, hapo kuna mazungumzo. Na linganisha D na N. Ikitetemeka kwa D huku umeshika breki na kutulia ukiweka N, mauntingi inaingia kwa orodha ya washukiwa, kwa sababu kwa D injini inavuta dhidi ya breki na kuegemea raba. Ikiwa inarukaruka vile vile hata kwa N, bila mpangilio, na taa ya injini imewaka, basi rudi kwa plagi na koili. Mnaona? Plagi inaweza kuwa ni plagi kweli. Kosa langu kwa video halikuwa kutaja plagi. Nilisema "kwisha" na sikuwa nimepima kitu.

Mkiona zimekufa msikae nazo. Wengi huona ni kelele tu. Injini inayoruka inavuta bomba la sailensa mpaka linapasuka, inavuta mipira ya maji na nyaya, inasumbua shafti, na inazipa mauntingi zingine mzigo ambao si wao. Moja ikifa zinazobaki zinazika mwenzao na kumfuata.

Sasa kosa la pili, na hili ni letu tena, mimi na Baba. Baada ya kujua ni mauntingi ya kulia, tukaenda kununua ya bei ya chini kabisa, 2,300. Mzee alituambia tusinunue hiyo. Tukamwona kama anataka tununue ya rafiki yake. Aliifunga, gari ikatulia, Mwaitu akarudi kiti cha mbele, mimi nikapost picha. Baada ya miezi minne gu! ikarudi. Tulipoitoa ilikuwa imeachana, chuma huku raba kule. Tukanunua ya 6,800, mpya, na tukalipa kazi tena 1,500. Kwa hivyo ukitaka kuongeza kwa ile hesabu ya Baba, ongeza, mimi nimechoka kuongeza.

Kuna zile za mitumba kutoka Japani, ambazo Kirinyaga Road pale Nairobi zimejaa. Watu huapa kwazo. Maoni yangu: kwa milango, taa, hata giaboksi, sawa. Kwa raba fikiria kidogo. Imetoka kwa gari ya umri sawa na yako ama karibu, kwa hivyo unabadilisha mzee kwa mzee anayejua Kijapani. Kama huna pesa ya mpya inunue, lakini ikunje kwanza, angalia nyufa, angalia kama majimaji yamewahi kutoka. Na wale wanaokata vipande vya tairi wakavisukumia ndani ya mpasuko, nimewaona, sijakuja kuwacheka, najua Jumatatu inafika na gari lazima itoke. Lakini tairi ni ngumu kuliko ile raba. Injini haitaruka tena, ni kweli, na kila msukumo utaufikia mwili wako moja kwa moja.

Nilikaa na mzee wakati wa kufunga ile ya pili, na kuna vitu vitatu nilimwona akifanya ambavyo sitasahau. Kabla hajafungua bolti hata moja, alizipima zote nne na kunionyesha kila moja. Ya nyuma nayo imeanza kupasuka. Akasema inaweza kungoja, lakini nisiseme sikuambiwa. Kisha akaweka jeki chini ya injini na ubao mpana juu ya jeki, kwa sababu sampu ni bati tu, ukiiinulia chuma kitupu unaibonyeza. Na mwisho, bolti alizirudisha zote kwa mkono bila kukaza, akaitingisha injini mpaka ikakaa inapotaka kukaa, ndipo akakaza. Nikamuuliza kwa nini. "Ukikaza ikiwa imejipinda, raba inaanza maisha ikiwa imechoka." Fundi mwingine angemaliza saa nzima mapema, na ninaamini hiyo ya kwanza ingedumu hata muda mfupi zaidi kwa mkono wa mwingine.

Nimeanza kuwauliza vijana wa rika yangu wanaojifunza ufundi hapa, na mmoja aliniambia kitu kikanikaa. Anasema wakubwa wao huwafundisha kufunga, hawawafundishi kusikiliza, kwa sababu mteja akikuona umesimama tu unasikiliza anadhani hujui kazi. Kwa hivyo unajifunza kushika spana haraka. Huyo jamaa ana mikono mizuri kuliko yangu mara kumi, na anazeeshwa kuwa mtu wa kubahatisha na sisi, kwa hizi mia zetu za chai.

Najua mtasema nini. Nikilipa ya kuangalia, si atachukua na bado abahatishe? Anaweza. Ndiyo maana hulipi hivi hivi. Unamwambia kabla hajagusa: "Mzee, nipe bei ya kuangalia pekee. Ukipata shida nionyeshe kwa macho yangu. Nikikupa kazi, hiyo pesa tutoe kwa pesa ya kazi." Hapo amelipwa hata kama jibu ni "hakuna kitu", kwa hivyo hana haja ya kutengeneza kitu. Na neno kubwa ni nionyeshe. Anayejua anapenda kuonyesha, huwezi kumzuia, mzee alinishika shati kunivuta nione ule mpasuko. Anayebahatisha atakwambia wewe hutaelewa.

Wengine mtasema pesa hakuna, mia tano ya kuangalia ni chakula. Nakubali ni chakula. Plagi ambazo hukuhitaji ni chakula cha wiki. Na ukweli ni kwamba kwetu hatukukosa pesa, tulizitoa kidogo kidogo kwa sababu kila mara ilionekana ni kidogo. Mtu akikuuliza 24,900 mara moja unakataa. Akikuuliza mara sita, unatoa na kumshukuru.

Na mimi? Mimi pia nalipwa kwa majibu ya haraka. Ile video ya plagi ingekuwa "sijui ni nini, acha nipime wiki moja nirudi", nani angeiangalia? Nyinyi wenyewe mngepita na kidole. Sisemi ni makosa yenu, nasema mimi na fundi wa kwanza tunakula sahani moja. Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba si kweli na nimeweka hii posti hapo. Msichana wa komenti nimemwandikia, nikampa ile njia ya N na D. Hajajibu, na hana deni langu.

Mauntingi ya nyuma bado. Baba amesema maembe kwanza.

Juzi nilipitia kwa mzee nikiwa na mia tano. Nikamwambia ni ya ile siku, ya kuangalia. Alinitazama kama nimemletea barua ya korti. Nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaniuliza kama nimesikia ile sauti ya gurudumu la mbele kushoto nikiingia.

Sikuwa nimesikia.